Mngojeni, Mashine Yake Imezima

Muuzaji wa kompyuta ile alikuwa na duka la ghorofani mjini Kakamega, mlango wa mwisho baada ya kinyozi, na maneno yake yalikuwa mengi kuliko bidhaa zake. Aliiwasha mbele yangu, feni zikaanza kuzunguka zikimeta nyekundu, buluu na zambarau, naye akakunja mikono kifuani kama bwana arusi anayepigwa picha. "Hii, madam, imepigwa ovakloki," akasema. "Ilitengenezwa ikimbie hivi, mwenyewe wa kwanza akaisukuma ikimbie zaidi. Mashine ya gemu kamili. Hutapata ingine kama hii kutoka hapa mpaka Kisumu." Mimi naishi na kufanya kazi hapo mjini, katika saiba, nachapishia watu barua na kuwajazia maombi yao ya serikali mtandaoni, kwa hiyo si mtu wa kudanganywa na taa. Nilijua vizuri kwamba chochote kinachosukumwa kupita kiasi chake kina siku yake. Lakini niliinunua hivyo hivyo, kwa sababu mdogo wangu alikuwa ameomba.

Hilo la kuomba lazima nilieleze, maana ndicho kisa chote. Mdogo wangu alikuwa mwendesha bodaboda katika stendi ya Ekero. Nyuma ya pikipiki yake palining'inia kipande cha raba kilichoandikwa "Wivu wako, mwendo wangu", na mwendo wenyewe tuliupigia kelele hadi tukachoka. Asubuhi moja ya mvua trekta la miwa lilimsukuma nje ya barabara, na kuanzia siku hiyo, kutoka kiunoni kwenda chini, hakuhisi kitu tena. Alilala wodini miezi mingi. Kisha tukamrudisha nyumbani kwetu Ekero, tukamlaza chumba cha mbele ili aone watu wakipita, naye akageukia ukuta.

Kwanza alikula vijiko vichache vya kuturidhisha. Baadaye hata vijiko hivyo akaviacha. Siku moja aliniambia, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani, "Dada, mwambie Mama asipikenga changu." Nilimjibu kwa ukali kwamba hapa si hotelini, hakuna kughairi chakula, kisha nikatoka nikaenda kulia nyuma ya choo. Mama alikuwa ameona sahani inavyorudi. Hatukulisema baina yetu, lakini wote wawili tulijua kwamba mtoto wetu alikuwa anaondoka mbele ya macho yetu, taratibu, bila kutusumbua.

Ndipo alipoona kwenye simu watu wanaoendesha malori katika kompyuta. Ni mchezo, kila mmoja yuko nyumbani kwake, hawajuani, lakini malori yao yanafuatana barabara moja na wao wanapiga soga kupitia vipokea sauti vya masikioni. Alilitazama jambo hilo siku nzima. Jioni akasema, "Hii naweza." Lilikuwa jambo la kwanza alilotaka tangu ajali. Angeniomba mwezi ningepanda paa kuutafuta.

Basi mashine ikafika Ekero, ikakalishwa juu ya stuli kando ya kitanda. Mama aliitazama taa zake akasema, "Masha Allah, kama nyumba ya arusi," akaanza kupanga upya chumba kizima kwa heshima yake. Nilifunga usukani wa plastiki juu ya ubao, ubao nikaulaza juu ya kitanda mbele ya kifua chake. Pedali za miguu sikununua. Kulikuwa na vitufe nyuma ya usukani vya kukanyagia mafuta kwa vidole, na nilikuwa nimejiandaa kumweleza hilo kwa upole, jambo nisilokuwa na kipaji nalo. Hakuningoja. "Kwa pikipiki mafuta ni ya mkono, dada," akasema. "Mguu ulikuwa wa breki, na breki mimi sikuwa napenda." Akacheka. Mama alikuwa mlangoni na sinia, akasimama hapo hapo kama aliyeitwa na mtu mwingine.

Alipata msafara wake. Mmoja wa Nakuru, mmoja wa Voi, na msichana wa Kitale aliyejua kutukana kuliko wote. Hakuwaambia kuhusu miguu. Kwao alikuwa dereva, na dereva ndivyo alivyokuwa. Sahani zilianza kurudi jikoni tupu. Mama alinipigia simu kazini kunitangazia kwamba mtu ameomba kuongezwa obusuma, ugali wetu, na mimi nikamwacha mteja na barua yake ya kuomba kazi imekatikia katikati.

Kisha mashine ikaanza kuzima.

Ilizima mchana, bila onyo. Kioo kikawa cheusi, feni zikanyamaza, taa za arusi zikafa. Mdogo wangu alinipigia. "Imezima," akasema. "Nilikuwa mteremko." Sikuipenda sauti yake. Jioni hiyo chakula kilirudi kama kilivyokwenda. Siku iliyofuata ilizima tena, na baada ya hapo ikawa desturi: inakimbia vizuri asubuhi, ikifika mchana, katikati ya safari, kwisha.

Wenzake hawakumwacha. Hilo alikuwa amewafundisha mwenyewe, ni sheria ya stendi: mwendesha boda hamwachi mwenzake barabarani, awe ameanguka, awe ameishiwa mafuta. Lori lake likipotea, wao waliegesha kando, wakawasha taa za dharura, wakasubiri. Aliporudi aliwakuta wamejipanga, taa zinawaka na kuzima. "Mngojeni, mashine yake imezima," alikuwa akisema wa Nakuru, na ikageuka mzaha wa msafara mzima. Nilipokuwa nyumbani alinifungulia spika nisikie. Nami nikacheka, lakini nilimwangalia. Mzaha ule ulikuwa unamla. "Wananingoja kila siku," aliniambia baadaye. "Hata huko ndani mimi ni wa kungojewa." Akageukia ukuta, na niliuona ule mgongo niliouogopa.

Nilikasirika kama nilivyo. Nilijiambia, mashine haiwezi kunishinda, mimi ambaye nafufua printa za saiba kwa makofi. Kwanza nikashuku umeme. Stima ya Ekero inapanda na kushuka inavyotaka, kwa hiyo nikaleta stebilaiza, kile kisanduku cha kutuliza umeme, kikakaa chini ya kitanda kikikoroma. Mashine ikazima. Nikachomoa vipande vya kumbukumbu, nikavisugua meno kwa kifutio cha penseli kama tunavyofanya kazini, nikavirudisha, nikavibadilisha nafasi. Ikazima. Nikafuta kila kitu nikaweka programu upya, mdogo wangu akapoteza mizigo yote aliyokuwa amesafirisha, naye hakulalamika, jambo lililonitia hofu zaidi. Ikazima. Nikamlaumu jirani anayechomelea vyuma. Nikalaumu masizi ya miwa inayochomwa mashambani, yale majani meusi mepesi yanayotua kwenye nguo zilizoanikwa, nikafungua ubavu wa mashine nikapuliza kila pembe. Masizi yalikuwapo, kidogo. Nikayatoa. Ikazima.

Lakini haikuzima nikiwapo. Hilo ndilo lililotaka kunitia wazimu. Nilikwenda nyumbani Jumapili, nikaingia na bisibisi zangu, nikakaa kwenye kiti hadi magharibi, na mashine ikakimbia kama farasi. Nikaondoka, Jumatatu simu ikalia. Nikaibeba hadi Kakamega, nikaiacha ikifanya kazi ngumu kutwa nzima katika saiba, haikukohoa hata mara moja. Nikaipeleka kwa muuzaji. Alikuwa anakula mahindi ya kuchoma. "Iko sawa kabisa," akasema, bila kunawa mikono. "Shida iko nyumbani kwenu." Nikamwambia kwetu hakuna shida, kuna mgonjwa, na kama angekuwa na haya angekuja kuona kwa macho. Nilimpa maneno mengine ambayo msichana wa Kitale angeyapenda. Lakini nikishuka ngazi nilijua amesema kweli. Tatizo lilikuwa nyumbani, na mimi nilikuwa silioni.

Wiki ile mama aliniambia kwenye simu kwamba mdogo wangu ameomba mashine isiwashwe tena. Alisema amechoka kuanguka. Alitumia neno hilo hilo, kuanguka. Na chai ya asubuhi hakuigusa.

Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda katikati ya wiki bila kumwambia mtu. Mama hakuwapo sebuleni, alikuwa nyuma akifua. Niliingia chumba cha mbele na kumkuta mdogo wangu ameshawishika, au ameshawishiwa, maana mashine ilikuwa inaunguruma na yeye yuko kwenye usukani. Na mashine sikuiona. Niliona kitambaa.

Mtu wa kwetu ataelewa kabla sijamaliza. Nyumba zetu hazina kitu kilicho uchi. Kiti kina kitambaa, meza ina kitambaa, redio ya marehemu baba ambayo haijaongea miaka mingi ina kitambaa chake. Kitu cha thamani kikiingia ndani kinafunikwa, la sivyo utaonekana hukijali. Hiki kilikuwa cheupe, cha kufumwa kwa mkono, chenye maua ya manjano pembeni, kikubwa hata kikashuka pande zote karibu kugusa stuli. Juu yake kulikuwa na chombo cha maua ya plastiki. Matundu ya juu, yale ambayo mashine iliyosukumwa kupita kiasi inatolea joto lake lote, yalikuwa yamezibwa vizuri kabisa, kwa upendo. Niliweka kiganja. Ilikuwa moto kama kikaango cha chapati.

"Mama!" nikaita, kwa sauti ya kuvunja vyombo.

"Shh," mdogo wangu akasema. Alikuwa ameondoa kipokea sauti kwenye sikio moja. "Dada, wacha."

"Niache nini? Unaona hiki? Unajua hiki ndicho..."

"Najua."

Nilidhani sikusikia. Nikamuuliza amejua tangu lini. Akasema tangu mwanzo mwanzo, tangu ilipoanza kuzima. Aliangalia kitambaa kinavyowekwa asubuhi, mashine inavyozima mchana. Aliona mama anavyokitoa na kukikunja nikija Jumapili. Hakuhitaji kuwa fundi.

"Na ukanyamaza? Mimi nasugua kumbukumbu kwa kifutio kama mwendawazimu, na wewe umenyamaza?"

"Alifuma hii wodini," akasema.

Nikakumbuka, na nilipokumbuka nilikaa kitandani. Siku daktari alipotuambia kwamba hatatembea, mama hakulia. Alitoa uzi na sindano ya kufumia kwenye mkoba akaanza. Alifuma kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda siku baada ya siku, mdogo wangu akilala, akizinduka, akilala. Watu walimuuliza anafuma cha nini, akawa anasema, cha nyumbani. Nilidhani kimeishia kwenye kabati pamoja na vingine.

"Ananigeuza, ananiosha," mdogo wangu akasema, macho yakiwa kwenye barabara ya kioo. "Akimaliza anafunika miguu. Anajua sisikii kama imefunikwa ama haijafunikwa. Kisha anakuja hapa, anafunika hii mashine, anaipangusa, anaweka maua. Halafu anasimama kidogo anaiangalia. Dada, hiyo ndiyo kitu moja yangu anafunikanga na anaona imekaa vizuri. Sasa nimwambie nini? Nimwambie inaua?"

Hapo hapo kioo kikawa cheusi.

Mama aliingia mikono ikiwa na povu. Aliniona, akaona kiganja changu bado kiko juu ya kitambaa, akadhani nakisifu. "Karibu, mama. Mbona hukusema unakuja, nitoe hiyo kitu?" akasema. "Mimi nafunikanga, kwa sababu ya ile moshi ya miwa. Ukikuja na bisibisi yako natoa, isichafuke mafuta." Mdogo wangu alikuwa ananitazama. Mimi, ambaye ulimi wangu haujui kukaa ndani, nikasema, "Kimependeza, Mama."

Basi nikafanya ambalo fundi yeyote angenicheka. Badala ya kuondoa kitambaa, nilipunguza mashine. Niliingia ndani kabisa ya mipangilio, kule ambako muuzaji alinikataza kugusa, nikairudisha kwenye kasi ya kiwandani, kisha nikaipunguza zaidi ya hapo. Nikasogeza stuli kutoka ukutani ili hewa ipite nyuma. Kitambaa nikakirudisha mwenyewe, na maua yake. Tukaiacha ikimbie mchana wote, mama akiwa anaingia na kutoka bila kujua tunangoja nini. Haikuzima. Niliweka kiganja: vuguvugu, kama mtu mzima wa afya.

Picha zilikuwa mbaya, sitasema uongo. Miti ya kando ya barabara ilichelewa kutokea, na milima ilikuja vipande vipande. Lori lake likawa linaachwa nyuma kwenye kila mpando. Nilimwambia mwenda pole hajikwai, akanijibu kwamba methali hiyo ilitungwa na mtu asiyekuwa na pikipiki. Lakini alikubali. Akajipa cheo: yeye ndiye anayefunga msafara. Wenzake wakatangulia, yeye nyuma kabisa, na mashine ikawa haizimi tena. Mzaha wa yule wa Nakuru ukapoteza kazi. Sahani zikarudi tupu. Kwa miezi kadhaa sikuiogopa simu ya mama.

Alikufa mchana, siku ya Jumapili. Daktari alitueleza baadaye kwamba ni damu iliyoganda mguuni, ikapanda hadi kifuani, na kwamba watu waliolala muda mrefu hupatwa na jambo hilo, hakuna aliyekosea. Mguu ule ule ambao haukuwahi kumwambia chochote. Sijui daktari alitaka niishike wapi faraja hiyo.

Asubuhi yake alikuwa ameomba ingokho. Aliomba kwa jina na kwa namna, kuku wa kienyeji, wa mchuzi mzito. Mama alitoka na kisu akiwa anaimba kaswida kwa sauti ndogo, na tukashinda jikoni mimi na yeye, mimi nanyonyoa, yeye anasonga moto. Kutoka chumba cha mbele ilisikika sauti yake akiongea na msafara. Halafu haikusikika. Sikulitilia maanani, maana kwenye barabara ndefu watu huchoka kuongea.

Niliingia kumuuliza kama anataka pilipili. Kichwa kilikuwa kimeegemea mto, macho yamefumba nusu, vidole bado vimeshika usukani. Kwenye kioo lori lake lilikuwa limetoka nje ya barabara, likasimama kwenye nyasi. Mbele yake malori mengine yalikuwa yameegeshwa kando, moja, jingine na jingine, taa za dharura zinawaka na kuzima. Kipokea sauti kilikuwa kimeteleza shingoni, na ndani yake nilisikia sauti ndogo ya yule wa Nakuru.

"Mngojeni, mashine yake imezima."

"Si alisema ilitengenezwa?" msichana wa Kitale akauliza.

"Mngojeni tu."

Nilishika mashine kwanza. Ndicho nilichojua kushika. Nilipitisha kiganja chini ya kitambaa, nikahisi upepo wa feni, nikahisi joto lake, lile lile la siku zote, vuguvugu. Taa zilikuwa zinabadilika chini ya maua ya manjano. Nilihakikisha kila kitu cha mashine kabla sijamgusa yeye, kwa sababu nilikwisha jua, na mkono wangu haukutaka kufika.

Kisha nikamgusa.

Nikachukua kile kipokea sauti nikakiweka mdomoni. Niliwaambia mashine haijazima. Wa Voi akauliza ni nani anaongea, nikasema ni dada yake. Nikasema mashine ni nzima kabisa, msimngoje, endeni. Hakuna lori hata moja lililoondoka. Taa ziliendelea kuwaka na kuzima kando ya ile barabara, nami nimesimama nazitazama, na kutoka jikoni mama akaniita, "Muulize, nimletee saa hii ama atakula baadaye?"